Masuke ya Mpunga Kwenye Kitambaa cha Altare

Katekista alipopiga hodi, Fridolin hakupata nafasi ya kuficha vitu vyake mahali pa maana, kwa hiyo alivikalia. Kitambaa, donge la uzi na kroshia yenyewe, ile sindano yenye ndoano ndogo kichwani, vyote viliingia chini ya makalio yake, na ndoano ikamchoma paja. Alimkaribisha mgeni kwa uso mkunjufu, akamuuliza habari za kigango, akamsikiliza akieleza habari ndefu ya kufyeka uwanja wa kanisa, na muda wote huo jasho lilimtiririka kama mtu mwenye malaria. Mgeni alipoondoka, Kandida, mkewe, alimkuta amesimama ameegemea meza, suruali ina damu, naye anakigeuzageuza kitambaa kwenye mwanga wa dirisha kutazama kama kimepata doa.

"Baba Levina," Kandida akamwambia, "wenzako wanaficha gongo. Wewe unaficha vitambaa vya makochi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Fridolin naye alicheka kidogo. Lakini hakuacha kuficha.

Watu wa Katindiuka walimfahamu Fridolin kwa sauti yake na kwa pawatila yake, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Alikuwa Mpogoro wa watu wa Mahenge, mabega mapana, vidole kama mizizi ya muhogo, na msimu wa kulima ulipofika ndiye aliyeingia kwenye majaruba ya mpunga ya nusu ya majirani, matope hadi mapajani, akipiga kelele juu ya mlio wa injini mpaka mtu aliyekuwa barabarani anasikia anachotaka. Vijana walimwiga namna anavyotembea. Halafu asubuhi moja pawatila ilipanda tuta vibaya, ikabinuka na kumlalia. Mguu wa kulia ulivunjika juu ya goti na tena chini ya goti.

Hospitalini alilazwa chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito, na kwa kuwa hakuwa na pa kupeleka nguvu zake alizipeleka mdomoni. Aliwagombeza wauguzi, akaigombeza dari. Kitanda cha pili yake alilala mfugaji wa Kisukuma aliyepigwa pembe na ng'ombe wake mwenyewe, mtu mpole ambaye karibu hasemi, na kila saa ya kuona wagonjwa mkewe alikuja kukaa ubavuni kwake akifuma. Jina lake Mbuke. Siku hiyo Fridolin alikuwa anaulaani uji.

"Shikamoo baba," Mbuke alisema, bila kuinua macho kwenye uzi wake.

"Marahaba."

"Mguu wako ndio umevunjika. Mikono yako mbona mizima? Ishike hii, uone kama utapata muda wa kutukana."

Aliichukua kwa mzaha. Mnyororo wake wa kwanza aliukaza hivi kwamba Mbuke alipojaribu kupitisha ndoano haikupita. "Hapa umefunga mbuzi," akamwambia, akaufumua wote. Fridolin akafuma tena, naye akaufumua tena. Katikati ya jaribio la tatu au la nne kengele ya wageni kutoka ikalia, na Fridolin akashtuka kwamba mguu haukuwa umemuuma tangu alipoishika sindano. Jambo hilo lilimgusa kuliko alivyotaka lionekane. Kesho yake Mbuke alipoingia tu, alinyoosha mkono kuomba uzi. Ila alimpa sharti moja, kwa sauti ya chini ambayo watu wa Katindiuka wasingeamini kwamba anayo: "Ukiona watu wangu wanakuja, chukua vitu vyako haraka. Sema ni vyako."

Kwa hiyo aibu na ufundi vilimwingia pamoja, wodini humo humo.

Aliporudi nyumbani mguu ulikuwa umegoma kukunjika. Pawatila ikaenda mikononi mwa vijana, jembe likabaki kwa Kandida, na yeye akabaki chumba cha ndani, kwenye kiti karibu na dirisha linalotazama uani. Hapo alifuma. Vidole vyake vilivyopasuka kwa miaka ya matope vilinasa kila uzi, ikabidi avipake mafuta na kusubiri yakauke, maana asiposubiri uzi mweupe unageuka rangi ya chai. Alijifunza kwamba kosa la kufuma halipigi kelele. Unaruka tundu moja, unaendelea kwa raha zako, mistari inaongezeka, halafu unakitandika kitambaa mezani unaona kona imejikunja kama sikio la mbwa. Hapo huna la kufanya ila kufumua, na kazi ya siku nzima inarudi kuwa uzi uliojikunyata mapajani. Mara moja alikasirika akakitupa kitambaa dirishani, kuku akakimbia nacho hadi kwa jirani, na Kandida ndiye aliyetumwa kukifuata.

Lakini kuna siku mkono ulikwenda wenyewe. Nanasi la uzi lilichanua katikati ya kitambaa, majani yake yakatoka moja baada ya jingine mahali yalipotakiwa kutoka, na Fridolin alijikuta anaimba nyimbo za kwaya kwa pua. Kandida alimnunulia uzi mjini Ifakara, maana yeye hangesimama dukani kuchagua nyuzi mbele za watu. Kandida pia ndiye aliyevifua vitambaa vilipokwisha, akavichovya kwenye uji mwepesi wa muhogo na kuvibana kwa pini juu ya godoro vikauke vimenyooka. Alikuwa anapenda kuvitandika. Nyumba yao, iliyokuwa na makochi yaliyochoka, ilipendeza.

Ndipo Mariana akaja. Mariana alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mwepesi, na alipoliona kochi alisahau hata alichokuja kukifanya.

"Mama Levina! Nani kakufumia hivi?"

Kandida alimtazama mumewe. Fridolin alikuwa anatazama bati, kana kwamba amesikia linavuja.

"Mimi," Kandida akasema.

Alimjibia. Baadaye, wakiwa wawili, Fridolin hakumshukuru, wala hakumkataza. Alihisi tu kifua kimepata hewa. Na kwa kuwa uongo huo haukumdhuru mtu, waliuacha ukae. Sifa za Kandida zikatoka Katindiuka zikavuka barabara, akina mama wakamletea uzi, wakamwomba vitambaa vya harusi za binti zao. Alipokea maagizo barazani na kuyaingiza chumba cha ndani, na watu wakasema mama yule hana majivuno, hata kufuma hafumi hadharani.

Fridolin angeweza kuishia hapo. Lakini kwenye mashine ya kukoboa mpunga, walikokaa wanaume wa rika lake, rafiki yake Damiani alimuuliza siku moja kama anakula vizuri siku hizi, mke mwenyewe akiwa na maagizo mengi hivyo. Fridolin akajibu, "Akishika uzi wake huyo, ugali tunakula umepoa. Wanawake na nyuzi zao, bwana, kama watoto na udongo." Watu wakacheka. Akaona kumbe ni njia nzuri ya kujiweka mbali na jambo lile, na tangu hapo kila walipokutana aliwachekesha kidogo kwa hilo. Alirudi nyumbani, akafunga mlango wa chumba, akaendelea pale alipoachia.

Mwaka huo kijana wa kigango chao, Valentino, alipata upadre, na misa yake ya kwanza nyumbani ikapangwa baada ya mavuno. Akina mama waliamua altare ipate kitambaa kipya, na hakuna aliyeuliza nani atakifuma. Mariana alieleza anachokitaka: masuke ya ngano na zabibu pembeni kote, kama alivyoona kwenye kanisa kubwa.

"Ngano sijawahi kuiona ikiwa shambani," Fridolin alimwambia mkewe. "Naijua ikiwa unga. Nitaweka mpunga."

"Watasema."

"Waseme. Kwani Mungu haujui mpunga?"

Suke la mpunga lilimtesa. Aliweza kulifuma lisimame, lakini suke lililosimama ni suke tupu au suke bichi, na yeye alilitaka lililoiva, linaloinamisha kichwa. Alifumua hadi uzi ukaanza kutoka vinyweleo. Alimtuma Kandida alete suke la kweli kutoka shambani, akalilaza mapajani akalitazama mpaka likanyauka. Alikula vibaya. Alimfokea mkewe kwa kufagia. Kisha mchana mmoja akajaribu kujaza punje upande mmoja zaidi ya mwingine, na alipofika nchani suke likalala lenyewe, taratibu, kama limechoka kwa uzito.

"Mama Levina! Njoo! Njoo uone!"

Kandida alikuja na mwiko mkononi. Alitazama kwa muda, akalisogelea. "Limeinama," akasema. "Limeiva hili." Wakasimama pale wote wawili, na ugali jikoni ukaungua.

Siku ya misa kitambaa kilining'inia mbele ya altare, cheupe, na upepo wa mlangoni ulipopita masuke yalitikisika. Padre Valentino katika mahubiri alisema amezunguka seminari nyingi akiona ngano na zabibu, ila leo ameona chakula cha mama yake juu ya meza ya Bwana, na akamshukuru mama aliyekifuma. Watu wakageuka kumtazama Kandida. Kandida aliinamisha kichwa. Upande wa wanaume Fridolin alijisikia joto masikioni, na hakujua kama ni furaha au ni wivu wa kumwonea mkewe mwenyewe.

Baada ya misa kulikuwa na pilau chini ya maturubai, wanaume upande huu, wanawake upande ule, katikati uwazi wa kuchezea ngoma. Walikuwepo akina mama wageni kutoka Mang'ula, na hao ndio waliomwomba Mariana waonyeshwe suke lile linavyofumwa. Mariana hakuona ubaya. Alisimama katikati, akapiga makofi, akamwita Kandida kwa sauti ya kusikika na watu wote. Mgeni mmoja alikuwa na kroshia na uzi kwenye mkoba wake. Kiti kikawekwa.

Kandida alisema mikono yake ina mafuta ya pilau. Wakamletea maji. Alisema macho yanamsumbua. Wakacheka, wakamwambia asiwanyime. Basi akakaa. Aliishika kroshia kama mtu anavyoshika kijiko cha dawa. Alikuwa amemtazama mumewe akifuma mara nyingi, kwa hiyo mnyororo aliuweza, mlegevu, wa kupanda na kushuka. Baada ya hapo alikwama. Akaingiza ndoano mahali, akaitoa. Akaiingiza tena. Wageni waliacha kutabasamu, wakaanza kutazamana.

"Si yeye," mmoja akasema.

"Kanunua mjini," mwingine akasema. "Vipo vya kununua."

Mariana alikuwa bado ana tabasamu, ila lilikuwa limebaki peke yake usoni. "Kandida," akamwambia, bila kumwita mama Levina, "umetuletea altareni kitu cha dukani ukasema ni cha mkono wako? Na padre kakushukuru?"

Kandida aliiweka kroshia mapajani. Aliinua kichwa, macho yakavuka ule uwazi wa katikati, yakamtafuta mumewe kati ya wanaume. Yakampata.

Fridolin alikuwa ameshika mfupa. Alichotakiwa kufanya ni kusimama tu; sauti yake ingefika popote. Alihisi mguu mzima ukijikaza tayari kumwinua. Halafu akaona nyuso za wanaume waliomzunguka, wote wametega masikio, akaona pia namna watakavyogeuka kumtazama, vidole vyake kwanza, kisha uso. Akashusha macho kwenye sahani.

"Bwana, mkeo leo kaumbuka," Damiani akamnong'oneza.

"Wanawake, bwana," Fridolin akasema.

Na akaendelea kula. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua kuliko yote, kwamba aliendelea kula, na pilau ilikuwa tamu.

Kandida alirudi nyumbani mbele yake, peke yake. Fridolin alipofika alimkuta ameshavua nguo za kanisani na anachambua mboga. Kandida alimwandalia maji ya kuoga kama kawaida. Hakulia, hakununa. Alimwita Baba Levina, akamuuliza kama mguu unauma. Siku zilizofuata hakwenda jumuiya wala mjini. Akina mama waliokuwa wameagiza vitambaa walituma watoto kuchukua uzi wao, na Kandida aliwapa mlangoni, akiwaulizia mama zao hawajambo.

Fridolin hakuweza kufuma. Tundu hakuliona. Alingoja mkewe amseme apate la kujitetea, lakini Kandida hakumpa nafasi hiyo. Mwisho asubuhi moja alichukua fimbo yake na mfuko wa uzi, akaburuta mguu hadi kwa Mariana.

Alianza na ndege wanaokula mpunga. Akaja kwenye mvua. Mariana alimkalisha, akamsikiliza kwa adabu, akamwacha azunguke weee mpaka maneno yakamwishia.

"Kile kitambaa," Fridolin akasema, "nilifuma mimi."

Mariana alitikisa kichwa kwa huruma. "Shemeji, usijidhalilishe. Najua unampenda mkeo. Lakini usijivunjie heshima kwa kumfunikia."

Hakuwa amefikiria kwamba hataaminiwa. Akafungua mfuko, akatoa kroshia, akakaa vizuri, akaanza. Matundu ya kwanza yalikwenda kombo, kisha mkono ukakumbuka. Mariana alitazama vidole vile vinene vikizungusha uzi, punje moja, punje nyingine, hadi suke likatokea na kuinama. Hapo alipiga yowe, akapiga mapaja, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Wewe! Wewe Fridolin! Na sauti hiyo!" Masikio yakimwaka, Fridolin alifikiri kwamba hii ndiyo sehemu ngumu na sasa inapita.

Ghafla Mariana akaacha kucheka.

"Siku ile si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ulikuwa unakula," Mariana akasema, akilikumbuka jambo hilo huku anamtazama. "Nilikuona. Ulikuwa unakula."

Hakumwambia neno jingine baya. Alimsindikiza hadi njiani, akasema atazungumza na wenzake, na kweli alizungumza. Jumamosi wakaenda kumwomba Kandida msamaha, akina mama watatu, Mariana akiwa wa kwanza kupiga magoti. Kandida aliwapokea vizuri, akawapikia chai. Walipoondoka alimgeukia mumewe, na sasa ndipo alipopata sauti.

"Umekwenda kumwambia Mariana."

"Nimemwambia yote."

"Mimi hujaniambia kitu. Tunalala nyumba moja, umeburuta mguu mpaka kwa Mariana." Alikuwa anakusanya vikombe, na vikombe viligongana. "Nilipojibu 'mimi' siku ile, hukuniomba, nilikuona unahangaika nikakusaidia. Basi. Sikukudai. Lakini pale kanisani nilikutazama, Baba Levina. Nilikutazama muda mrefu. Ukasema 'wanawake, bwana'."

Fridolin alifungua mdomo.

"Nilisikia. Sauti yako hata ukinong'ona inasikika. Na ya kule mashineni pia niliambiwa, ugali uliopoa. Zamani niliambiwa. Nikasema ni mzaha tu."

"Nisamehe, mama Levina."

"Mariana siye uliyecheka naye kunihusu mimi. Waliocheka unawajua."

Akaingia ndani na vikombe.

Kutoka kwao hadi mashine ya kukoboa si mbali, lakini Fridolin alisimama njiani mara kadhaa, akijidai anapumzisha mguu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magunia kama kawaida, vumbi la pumba kwenye nyusi zao, na Damiani alimsogezea nafasi. Fridolin hakukaa. Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi aseme kwa sauti yake ya pawatila, na alipofika katikati ya sentensi mtu akazima injini, kwa hiyo nusu ya pili ilisikika mpaka dukani: kwamba vitambaa vyote, na kile cha altare, ni kazi yake yeye, tangu hospitali, na mkewe alikuwa anamfichia.

Kwanza walidhani ni kichekesho. Kisha wakacheka kweli. Mmoja akamwomba amfumie soksi za ng'ombe, mwingine akamwita mama mwalimu, na jina hilo lilimganda kwa muda mrefu baadaye. Fridolin aliwaacha wacheke. Damiani peke yake alicheka kidogo, kisha akawa anakwangua udongo kwenye kandambili yake.

"Sasa bwana," akasema, "kama ni wewe, yale ya ugali ulikuwa unatuambia ya nini?"

Fridolin alitazama magunia, akatazama mkono wake wenye fimbo. Damiani akarudia kukwangua kandambili yake. Injini ikawashwa tena.

Aliporudi, Kandida alikuwa amekaa kizingitini, ungo mapajani, anachambua mawe kwenye mchele. Fridolin alisimama mbele yake.

"Nimetoka mashineni."

"Wamesemaje?"

"Wamecheka."

Kandida aliokota kijiwe, akakitupa uani. "Na wewe?"

"Mimi sikucheka."

Aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikwenda upesi, vikisukuma mchele upande mmoja. Fridolin hakujua kama aingie ndani au abaki.

"Sogea kidogo," hatimaye Kandida akasema, bila kuinua uso. "Unaniziba mwanga."

Akasogea. Alivuta kigoda, akakaa pembeni yake, hapo hapo nje, mikono mitupu juu ya magoti, huku watu wakipita barabarani na kuwasalimu.